Kofia ya Faki katika Nchi Isiyo na Pengo

Watu wakiniuliza njia ya kwenda Timilia huwajibu kwamba sikuishika. Nilikwenda, nikafika, na nikiongeza zaidi ya hapo nitakuwa ninabuni. Ninachokumbuka ni nchi yenyewe na watu wake, na hao nawaandika sasa wakiwa bado wazi machoni, kwa sababu nimeshajua jinsi kitu kinavyoweza kumtoka mtu kichwani huku bado anakipenda.

Kilichonipeleka ni maneno. Mume wangu Faki Hamad, fundi baiskeli, alipofariki, kila aliyekuja matangani alisema, "Faki ameacha pengo lisilozibika." Imamu alisema hivyo. Mafundi wenzake walisema hivyo. Hata jirani yetu, ambaye yeye na Faki hawakuwa wakisemezana kwa sababu ya jogoo, alisimama mlangoni akasema hivyo hivyo. Walikuwa wema, nikawaitikia wote. Lakini walipoondoka nilibaki nikitazama baraza ya mbele, pale alipokuwa akikaa na spana zake, nikajiuliza: kwa nini lisizibike? Faki alizibia watu mipira ya baiskeli maisha yake yote. Hakosi kuwepo mahali fundi wa kuziba hili.

Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa mluzi wake. Faki alikuwa na mwanya. Kwetu mwanya ni uzuri, na mama yangu alipoletewa posa alisema, "Hana kitu, lakini ana mwanya, mchukue." Alipokuwa akifanya kazi alipiga mluzi kupitia mwanya huo, wimbo mmoja tu, tena nusu yake, maana nusu ya pili hakuijua. Katika eda, nikiwa nimekaa ndani, nilianza kuutafuta wimbo ule kichwani na sikuupata. Nilijua kwamba upo, kama unavyojua kuwa chumvi ipo jikoni, ila mkono hauigusi. Kaburini ulikuwa umepelekwa mwili. Nikaona sasa anakwenda mara ya pili, na safari hii hakuna wa kumbeba ila mimi.

Basi nilipotoka eda nikaenda Timilia. Nilichukua nguo chache, sindano zangu, na kofia niliyokuwa nikimshonea Faki ya Idi, ambayo ilikuwa haijaisha. Ni kofia ya mkono, kitambaa cheupe mara mbili, na uzuri wake wote uko kwenye tundu. Unatoboa kwa sindano nene, kisha unazungusha uzi ukingoni mwa tundu, polepole, mpaka lisiweze kufumuka. Tundu zikipangika zinakuwa maua, na kichwa kinapata hewa. Nilikuwa nimemaliza ukanda wa pembeni. Juu palikuwa pamechorwa penseli tu.

Mpakani nilipokewa na mtu mnene mwenye sauti laini, Bwana Shindilia, Mkuu wa Idara ya Kuziba.

"Umejaa, bibi?" akaniuliza.

Nikadhani anauliza mzigo, nikamwonyesha kibegi changu.

"Ukiulizwa hivyo, sema nimejaa tele," akanielekeza, kama mtoto anavyofundishwa kuamkia.

"Nimejaa tele," nikasema, na machozi yakanitoka.

"Hata kidogo hujajaa," akasema, akanipa leso yake mwenyewe.

Akafungua kibegi changu. Alipoona sindano hazina uzi aliguna, maana kwa sheria ya Timilia jicho la sindano haliachwi wazi. Akaketi, akavaa miwani, akazitia uzi moja baada ya nyingine, akilamba ncha, na hakukubali nimsaidie. Kisha akaitoa kofia.

"Maskini! Mende hawa?"

"Si mende, bwana. Nimetoboa mwenyewe."

"Wewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Kitambaa kizima, kisicho na kosa lolote?"

"Ndivyo inavyoshonwa."

Akamgeukia msaidizi wake, akasema kwa sauti ya chini, lakini nilisikia, "Angalia huzuni inavyomfanya mtu." Akaniruhusu kuingia na kofia kwa sharti moja: kabla ya siku yangu ya kutimia, kila tundu liwe limezibwa.

Sheria ya Timilia ni moja tu, nayo ni fupi: pasiwe pengo. Yaliyobaki ni maelezo. Mtoto aking'oka jino hutiwa la kombe la pwani siku hiyo hiyo, na mwenye mwanya hujaziwa mwanya wake. Hawana vichujio, kwa kuwa kichujio ni tundu tupu, na hivyo chai yao ina majani na huinywa kwa kuitafuna. Wageni huambiwa kuwa utamu uko kwenye kutafuna. Mazungumzo hayaruhusiwi kukatika. Wawili wakinyamaza, kuna mtu wa mtaa anayelipwa kupita na kusema, "Naam, ndivyo, ndivyo hasa," mpaka mmoja wao akumbuke neno. Madirisha wameyajengea matofali, na juu ya matofali wamechora kile kilichokuwa kikionekana nje. Wachoraji wao ni hodari sana. Chumba nilichopewa kilikuwa na dirisha lenye mlimau, na malimau yake yaling'aa kiasi cha kunitia mate mdomoni. Mlimau wenyewe ulikwishakatwa, wala hakuna aliyejua lini.

Nilihudhuria baraza lao siku waliyojadili visima. Hukutana uwanjani jua la utosi, kwa sababu saa hiyo kivuli ni kidogo, na kivuli nacho wanakitilia shaka. Mjumbe mmoja alisema kisima ni pengo, kifukiwe. Mwingine alisema kisima ni maji, na maji si pengo. Wa tatu akauliza, je, mtu akiteka ndoo moja, ile nafasi iliyobaki ni maji au ni pengo? Baraza zima likashika kichwa. Mwishowe ilipitishwa kwamba anayetaka kuteka ndoo kisimani aje kwanza na ndoo ya maji ya mtoni, amimine, kisha ateke. Nilipouliza kwa nini basi wasinywe yale ya mtoni, Bwana Shindilia alinijibu kwa upole, "Kwa sababu tuna kisima, bibi."

Sikuwacheka. Nilikuwa nimeishi miezi na baraza tupu mbele ya nyumba yangu. Watu wanaoogopa tundu niliwaelewa.

Nilifikia kwa Bi Tele, mwanamke wa makamo, mpishi wa maandazi. Asubuhi ya kwanza alitoka chumbani msichana aliyekuwa bado ana chunusi, akaketi kwenye kiti kikubwa, akakohoa kizee.

"Shikamoo mama," Bi Tele akamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Tele, umekonda. Na hayo maandazi yana mafuta mengi, nimekwambia tangu uko mdogo."

Jikoni Bi Tele akanieleza. Timilia mtu akifa huzikwa asubuhi, na alasiri hiyo hiyo Idara humleta mjazaji, akavaa nguo za marehemu, akakaa mahali pake, akala sahani yake. Mama yake Bi Tele alifariki zamani. Mjazaji wa kwanza alikuwa mzee, naye akafa, akajaziwa. Huyu wa sasa alikuwa wa nne.

"Na unamwona ni mama?" nikamuuliza.

"Shoga, ananigombeza kama mama," akasema, akikanda unga. "Juzi kanichapa kofi kwa kuchelewa sokoni. Nikamwambia, mama, mimi nina wajukuu. Akaniambia, na wajukuu wako nitawachapa." Akacheka, kisha akaacha kukanda. "Ila yule wa kwanza, yule wa kweli, alikuwa na harufu fulani. Hii harufu..."

Hakumaliza. Nje tukasikia, "Naam, ndivyo, ndivyo hasa," na Bi Tele akarudi kwenye unga wake.

Wangu aliletwa kesho yake. Alikuwa mwanamume wa rika la Faki, mrefu kidogo, mwenye macho ya mtu aliyezoea kuomba radhi. Bwana Shindilia akamkabidhi kwangu barazani.

"Huyu ni Faki," akasema.

"Faki yupi?"

"Atakuwa. Mweleze tu."

Utaratibu ulikuwa kwamba aje kila siku kujifunza, jioni arudi Nyumba ya Wajazaji, na kwa hilo nilishukuru. Siku ya kutimia ningesimama mbele ya baraza niseme maneno mawili: hakuna pengo. Baada ya hapo angekuwa mume wangu, nyumba ningepewa, na nisingelia tena. Kama singesema, ningetolewa nchini kabla jua halijazama, na mlango wa Timilia haumfungukii mtu mara mbili.

Sitasema uongo: nilitaka kuyasema.

Na mtu yule alikuwa mwanafunzi mwema. Aliuliza Faki aliketije, nikamwonyesha, akaketi hivyo. Aliuliza alinywaje chai, nikamwambia alikuwa akipuliza hata iliyopoa, naye akapuliza. Aliuliza alikuwa akiniitaje. Nikamwambia: kuna jina langu, Mwanahija, na kuna alivyoniita yeye akitaka kuniomba radhi, "Mkubwa wa kituo." Siku ya pili nikitoka ndani akasema, "Mkubwa wa kituo, umeamkaje?" Nikakaa chini. Kwa muda wa pumzi moja baraza ilikuwa imejaa.

Lakini mluzi haukuja. Nilimweleza: ulipanda, ukashuka, ukakatika katikati. Alikunja midomo, akapuliza, ukatoka upepo mtupu. Na mimi sikuweza kumwonyesha, kwa kuwa wimbo wenyewe ulikuwa umenipotea. Jambo la kutisha ni hili: kila nilipomfundisha jambo moja la Faki, likawa lake. Nilipomkumbuka Faki akipuliza chai, nilimwona huyu akiipuliza. Nikagundua kwamba simjazi Faki kwa mtu huyu, bali ninammwaga.

Nikamwambia Bi Tele. Akasema, "Ndivyo inavyokuwa. Baadaye huumii tena."

"Na yule wa kwanza?"

"Nani?" akasema Bi Tele, na aliuliza kwa dhati.

Siku zikabaki chache. Bwana Shindilia alipita kukagua kofia, akakuta tundu zote ziko wazi. "Bibi Mwanahija," akasema, "nakuomba. Mimi napenda ubaki. Watu wameshakupenda, hata mama yake Tele kasema una adabu. Ziba hizi tundu." Nikaona haya kumkatalia mtu aliyenitilia sindano uzi. Alipoondoka nikaketi barazani, nikachukua uzi, nikaziba moja. Nikaitazama. Palikuwa na kivimbe cheupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Mjazaji alikuwa ameketi ng'ambo kama Faki, magoti yamepanuka. Akaniuliza, "Hilo uliloliziba, ulilitia lini?"

Nikafikiri nitamwambia sikumbuki. Lakini kidole changu kilikuwa juu ya ukanda, na vidole vya mshonaji vina kumbukumbu yao. "Hili," nikasema, "nililitia siku Faki aliporudi amelowa chapachapa, kabeba baiskeli ya Mzee Ngwali begani. Nikamwuliza, baiskeli inakubeba wewe au wewe unaibeba? Akaniambia, leo zamu yake kupumzika."

Mjazaji akacheka, na kicheko chake hakikuwa cha Faki, kilikuwa chembamba, cha mtu asiyetumia kicheko mara nyingi.

"Na la pili yake?"

"La pili yake, tulikuwa tumegombana. Ona uzi ulivyokazwa. Alikuwa amempa mtu mipira miwili bure, na sisi hatuna mafuta ya taa. Nilishona bila kumtazama. Naye akapiga mluzi mpaka nikacheka."

"Na hili?"

Tukaendelea hivyo, tundu kwa tundu. Nilikuwa nimedhani natia maua kwenye kofia, kumbe nilikuwa nikizungushia uzi siku zetu, zisifumuke. Hakuna iliyokuwa imepotea. Zote zilikuwa pale, na pale zilipokuwa palikuwa wazi. Nikakifumua kile kivimbe nilichokitia, nikazungusha uzi upya. Kisha nikageuza kofia, nikaanza kutoboa ile sehemu ya juu iliyochorwa penseli.

"Sheria, bibi," akasema mjazaji.

"Najua."

Akasogea karibu kutazama. Baadaye akasema, "Nifundishe."

Nikampa kipande cha kitambaa. Alitoboa vibaya, kitambaa kikachanika, nikamwambia asiogope, kila mshonaji wa kwetu alianza kwa kuchana. Akatoboa tena, akazungusha uzi, akainua juu ya jicho lake, akaangalia kupitia tundu lile moja. Akakaa hivyo kwa muda mrefu. Mtu wa mtaa alipita akasema, "Naam, ndivyo," na mjazaji, bila kutoa kitambaa jichoni, akamwambia, "Sivyo. Nenda zako, ndugu yangu."

"Unaona nini?" nikamwuliza.

"Nilikuwa mdogo," akasema. "Mama alifariki asubuhi, na alasiri akaja mama. Nikaambiwa, huyu hapa, unalilia nini? Sikuwa na la kulilia. Nikakua. Nimekuwa baba wa watu, mjomba wa watu, mara moja nilikuwa bibi kizee kwa mwaka mzima maana walikosa mtu." Akakishusha kitambaa. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona amekosekana."

Akalia. Hakulia kama Faki, ambaye alikuwa akilia kwa kujifanya ana mafua. Alilia kama alivyokuwa yeye. Nikaendelea kushona, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kukaa na mtu anayelia, na hata kwetu msibani wanaosaidia zaidi ni wale wanaoshughulika na kitu.

Siku ya kutimia kofia ilikuwa imekwisha.

Uwanja ulijaa. Bwana Shindilia alivaa kanzu mpya. Mama yake Bi Tele aliketishwa mbele kwa heshima ya uzee wake, akitafuna ubani. Mjazaji alisimama pembeni yangu katika nguo kama za Faki, nilizozieleza wakamshonea.

"Kofia," akasema Bwana Shindilia.

Nikaitoa. Akaiona. Uso ukamshuka. "Bibi, hukuziba."

"Sikuziba, bwana. Nimeongeza."

Baraza likanguruma. Mjumbe mmoja akataka ichomwe, mwingine akasema kuichoma ni kuongeza tundu. Bwana Shindilia akasema, "Tuione kwanza. Iinue juu kila mtu aione, ili pasiwe na anayeuliza baadaye." Alikuwa mtu wa haki.

Nikaiinua juu kwa mkono. Jua lilikuwa utosini. Likapita kwenye tundu zote, na juu ya mchanga wa uwanja yakaanguka maua ya nuru, moja kando ya jingine.

Watu wote wakatazama chini.

"Nini hivyo?" akauliza Bwana Shindilia.

"Ni zile tundu, bwana."

Akapiga magoti, na kanzu yake mpya. Akaliziba ua moja kwa kiganja, kama mtu anayekamata panzi. Ua likakaa juu ya mkono wake. Akaondoa mkono, likarudi mchangani. Akatia kiganja cha pili, mawili yakampanda.

"Leteni mchanga," akasema.

Wakaleta, wakamimina. Maua yakakaa juu ya mchanga mpya.

"Zege!" akapiga kelele mjumbe wa nyuma.

"Zege nalo utaliziba na nini?" akasema mama yake Bi Tele kwa sauti yake ya kizee, kisha kicheko kikamtoka, na kilikuwa kicheko cha msichana. Bi Tele akamgeukia. Akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, mtoto wa watu aliyekaa kwenye kiti kikubwa, na akamshika mkono. "Mwanangu," akamwambia, "una njaa?"

Kisha kukawa kimya. Mtu wa mtaa alifungua mdomo, akasahau kazi yake.

Bwana Shindilia alisimama, magoti yana vumbi. Hakuwa na hasira. "Bibi Mwanahija," akasema, "hata hivyo sheria ni sheria. Sema kama hakuna pengo, ubaki nasi. Useme na unitazame mimi, si hayo."

Nikamtazama mjazaji. Nilikuwa nimempenda kwa namna fulani, kama unavyompenda mtu uliyeshona naye kwenye kibaraza kimoja. Naye akanitazama, akatia vidole mdomoni, akang'oa kitu, akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa kipande cha kombe la pwani, kimechongwa chembamba. Katikati ya meno yake ya mbele, pale kilipokuwa tangu utotoni, palikuwa na mwanya.

Akapiga mluzi.

Ulitoka dhaifu, kisha ukapata njia. Ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto, uliopanda polepole na kukaa juu. Ulikuwa mzuri. Na kabla sijajua ninachofanya nikasema kwa sauti, mbele ya baraza lote:

"Sivyo! Faki hakuwa akipiga hivyo."

"Si wa Faki huo," akasema. "Ni wa mama yangu. Wa Faki ulikuwaje?"

Na mimi, kwa kuwa nilisikia jinsi wa Faki usivyokuwa, nilijua jinsi ulivyokuwa. Mimi sina mwanya, kwa hiyo niliuimba kwa kufumba mdomo. Ulianzia chini, ukaruka, ukajizungusha mara mbili pale alipokuwa akikaza nati, ukashuka kwa haraka kama baiskeli inayoteremka mtelemko wa sokoni, halafu ukafika katikati. Nikanyamaza pale pale alipokuwa akinyamazia. Nusu ya pili hakuijua, na mimi sikumtilia.

Kimya kile kilikuwa cha Faki kabisa. Hakuna mtu duniani aliyekuwa nacho ila yeye.

"Pengo lipo," nikasema.

Bwana Shindilia akainamisha kichwa. Akatangaza kwamba nitoke nchini kabla ya jua kuzama, na hakuna aliyepinga, wala mimi.

Alinisindikiza mwenyewe mpaka mpakani. Njiani hakusema kitu, nami sikusema, na kwa afisa wa cheo chake hilo lilikuwa kosa kubwa. Tulipofika aliomba kofia. Nilidhani anaipokonya. Akaivuta karibu na uso, akafumba jicho moja, akachungulia angani kupitia tundu moja la juu.

"Mke wangu wa kwanza," akasema baadaye, "alikuwa mfupi. Huyu niliye naye ni mrefu. Miaka yote nimekuwa nikiinama kidogo nikisalimiana naye mlangoni, sijui kwa nini."

Akanirudishia kofia, akageuka, akaenda zake. Niliona anavyotembea, ameinama kidogo.

Mjazaji alikuwa amekuja nyuma yetu. Nikampa sindano yangu moja, ile nyembamba, baada ya kuuchomoa uzi. Akaiinua, akatazama jicho lake lililo wazi, akaichomeka kwenye ukosi wa shati.

"Wakikuona nayo?"

"Wataniuliza ni ya nini, nitawaonyesha." Akacheka kile kicheko chake chembamba. "Mimi si Faki, Bibi Mwanahija."

"Najua, ndugu yangu. Wewe ni nani?"

Akafikiri. "Mama alikuwa akiniita Mosi."

"Kwaheri, Mosi," nikamwambia, na nilikuwa mtu wa kwanza tangu alasiri ile kumwita hivyo.

Nimerudi kwetu. Baraza ya mbele iko kama ilivyokuwa, na sijaweka kitu pale alipokuwa akikaa. Kofia nimeitundika dirishani kwa uzi. Jua likipanda juu ya paa la jirani mwenye jogoo, maua ya nuru huingia ndani, hupanda mkeka, hupita juu ya miguu yangu, kisha hutoka nje mpaka barazani, penye alama ya mafuta ya mnyororo ambayo sikuisugua. Nafanya kazi yangu hapo. Siku hizi wanawake wa mtaa huniletea vitambaa, na wengine hukaa. Mmoja alimzika mtoto mwaka juzi na hajawahi kumtaja. Nilimpa sindano nene, nikamwonyesha pa kutoboa. Alipomaliza kuzungusha uzi tundu la kwanza, alisema jina la mtoto, kisha akaomba uzi mwingine.

Bado watu huja kunipa pole, wale waliokuwa safarini na wasiopata habari mapema. Hukaa, hunywa chai yangu iliyochujwa vizuri, huangalia baraza, kisha husema kama walivyosema wote, "Faki ameacha pengo lisilozibika."

Zamani maneno hayo yalinichosha. Sasa huitikia, "Alhamdulillahi," na wakinishangaa huwaongezea chai.